Mkutubi wa Diski Zisizorudi Tupu

Jina lake analo, na ni jina zuri tu, lakini katika miaka yote niliyofanya kazi chini yake sikumbuki mtu aliyelitumia. Wanafunzi walimwita Madam. Wakulima waliokuja kutoka Shinyalu walimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki. Mkuu wa Chuo akiwa na furaha alimwita Mama, na akiwa na hasira alimwita "huyo mama wa vitabu." Mimi nilimwita Mkutubi, kwa sababu ndivyo mlango wa ofisi ulivyoandikwa, na kwa sababu nilikuwa msaidizi wake. Msaidizi hana budi kuonyesha heshima hata siku anayotamani kumrushia mkubwa wake kamusi.

Na siku hizo zilikuwa nyingi. Kwanza kabisa, Mkutubi hakujua kunong'ona. Ukutani palikuwa na tangazo la KIMYA aliloliandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, na chini ya tangazo hilo alikaa yeye, akiongea kwa sauti ya mtu anayemwita ng'ombe ng'ambo ya mto. Mwanafunzi akikohoa, alikemewa. Yeye akicheka, hata waliokuwa kwenye uwanja wa mpira walijua kwamba maktaba imefunguliwa. Siku moja mkufunzi wa hesabu, mtu mpole ajabu, alimwendea akamwomba apunguze sauti kidogo.

"Mimi sipigangi kelele, mwalimu," alimjibu. "Mimi naelekezanga."

Mkufunzi akarudi kitini, akaziba masikio kwa vidole na kuendelea kusoma. Hakuacha kuja. Hakuna aliyeacha kuja, na hilo ndilo lililonishangaza kila mara.

Pili, Mkutubi alikuwa na ugonjwa wa milango. Sheria ya chuo ilisema maktaba ni ya wanachuo, na bawabu alikuwa nayo imebandikwa kwenye kibanda chake. Mkutubi aliisoma sheria hiyo kwa namna yake: kwamba mtu akishaingia maktaba, huyo tayari ni mwanachuo. Walikuja makarani kutoka ofisi za serikali, mafundi baiskeli, walimu wastaafu wa mtaa wa Amalemba waliotaka magazeti. Na ikinyesha, basi, walikuja wote waliokuwa njiani. Sisi watu wa Kakamega tunajua mvua yetu haipigi hodi. Mchana ukishapinduka, mawingu yanashuka kutoka msituni, na aliyeko barabarani anatafuta paa. Paa letu lilikuwa kubwa. Mkutubi alisimama mlangoni akiwapokea waliolowa, na kabla mtu hajajifuta uso, alikuwa ameshawekewa kitabu mkononi. "Utasimama bure mpaka iishe? Soma." Mkata miwa mmoja aliingia hivyo, akiwa na panga lake limefungwa kwa gunia, akapewa kitabu kuhusu moyo na mishipa ya damu. Mvua ikaisha yeye hajaisha. Alirudi kila siku ya mapumziko mpaka akakimaliza, kisha akaanza kutushauri sote kuhusu chumvi.

Lakini msije mkadhani mtu huyu alikuwa mkarimu wa kila kitu. Mwavuli wake haukuazimwa hata kwa mama mjamzito. Kalamu yake ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye meza, na akitoka kwenda chooni aliifungua akaenda nayo. Na kuhusu kuku! Alipika ingokho ambayo siku ya sherehe ya wafanyakazi iliwafanya wakufunzi wazima wasahau vyeo vyao na kugombea mchuzi wa kutowelea obusuma, ugali wetu. Kila mwaka wanawake wa ofisini walimwuliza anaweka nini. Kila mwaka alisema, "Chumvi." Mtu ambaye angekutafutia habari za udongo wa nchi usiyoweza hata kuitamka, hakuwa tayari kusema anaweka nini kwenye kuku. Nilimwambia mara moja kwamba huo ni unafiki. Akasema unafiki ni kitu kingine, na kwamba kitabu hakiishi ukigawa.

Kompyuta ilitufikia mwanzoni mwa miaka ile ya tisini, zawadi kutoka ng'ambo, pamoja na sahani zile za kung'aa tulizoziita sidii, zenye muhtasari wa tafiti za kilimo za dunia nzima. Mkuu wa Chuo alitaka iwekwe ofisini kwake, kwa katibu wake, kwa sababu ilikuwa mashine ya maana na ofisi yake ilikuwa na zulia. Mkutubi alimwambia kwamba zulia linaleta vumbi. Mkuu wa Chuo akiwa bado analitafakari hilo, mashine ilikuwa imeshafungwa katikati ya ukumbi wa maktaba, imetazamishwa mlangoni, na juu yake imetandikwa kitambaa cheupe cha kufuma, sawasawa na vile vinavyotandikwa kwenye makochi ya kila sebule pale Amalemba.

Aliipenda mashine ile na aliiogopa radi. Radi ya Kakamega si ya kuchezea, hilo nakubali, lakini Mkutubi hakungoja radi. Alingoja wingu. Likionekana wingu lenye ukubwa wa shuka, alipiga kelele, "Tunatoa!" na waya zote zikang'olewa, mtu awe amefika wapi katika usomaji wake. Kwa hiyo kwetu kompyuta ilikuwa kitu cha asubuhi, kama uji. Mwanafunzi mgeni aliyekuja na hamu saa tisa alikuta kitambaa kimeshatandikwa.

Kazi yake kubwa, ile aliyoiita "kazi yangu" ilhali nyingine zote aliziita "kazi ya chuo," ilikuwa fahirisi. Chuo chetu kila mwaka kiliwatuma wanafunzi vijijini kufanya utafiti: mahindi yanashambuliwa na nini, akina mama wanahifadhije maharagwe, miti gani ya msituni inatibu mifugo, kwa nini chai ya mlima huu inapita ya mlima ule. Wakirudi waliandika ripoti, wakapewa alama, na ripoti zikatupwa katika chumba cha nyuma, ambako mchwa walizisoma kuliko binadamu. Mkutubi alizitoa moja moja. Alizichapa kwenye kompyuta kwa vidole viwili: nani aliandika, kijiji gani, aligundua nini, kwa maneno machache ambayo mkulima angesomewa na mtoto wake akaelewa. Ilimchukua miaka. Nilimwona akichapa akiwa na homa, akichapa wakati wakufunzi wamegoma, akichapa siku ambayo ndugu yake aliyelazwa hospitali alikuwa ameruhusiwa kurudi na yeye angeweza kabisa kuwa nyumbani. Alitaka kitu kimoja tu: kwamba mtu yeyote, awe wa chuo au wa shambani, akiuliza, apate.

Wakufunzi wengine hawakufurahi. Mmoja alimjia akilalamika kwamba utafiti wa wanafunzi wake utaibwa.

"Na nani?" Mkutubi akamwuliza.

"Na watu."

"Watu gani? Si ndio hao hao walikuambia hizo vitu?"

Mkufunzi akasema hiyo si hoja ya kitaaluma. Alizichukua ripoti zake akazihamishia kwenye buti ya gari lake, ambako mvua ilizikuta.

Sasa niwaeleze habari ya diski, kwa sababu hapo ndipo ilipo akili yake yote na kosa lake lote.

Kwetu, jirani akikuletea mboga kwa sahani, sahani yake hairudi tupu. Utaweka mayai mawili, au viazi, au hata kijiko cha sukari, lakini tupu hairudi. Hili halifundishwi, mtu analikuta. Basi Mkutubi alipoona kwamba fahirisi inaweza kunakiliwa kwenye diski ndogo mtu akaenda nayo, aliamua kwamba diski ni sahani. Yeyote aliyetaka alipewa fahirisi nzima, bure, bila kuulizwa kitambulisho. Lakini akija tena, diski ilete kitu chake mwenyewe ndani. "Mkono mtupu haulambwi," alisema, na akaongeza kwamba hilo linahusu pia mikono ya maprofesa.

Na watu walileta, jamani! Vyuo vya mbali vilituletea orodha za vitabu vyao. Mwalimu mstaafu alileta majina ya ndege wote wa bonde lake kwa Kiluhya. Mtafiti mmoja wa vipepeo, mgeni kutoka Ulaya aliyekuwa akikaa msituni, alichukua fahirisi yote na kutuachia picha za vipepeo zilizochukua nusu saa kufunguka. Mchungaji alileta mahubiri. Bwana mmoja wa Shieywe alileta barua ya mapenzi, nadhani kwa makosa, nayo Mkutubi akaiweka kwenye orodha chini ya "Mawasiliano." Wasio na diski walileta kwa mdomo, akawachapia. Mama mmoja wa Shinyalu alikuja kuuliza kuhusu funza wa mahindi, akapewa alichotaka, akakaa kitini na kusema, "Na mimi niache nini, Mwalimu?" Akaeleza jinsi nyanya yake alivyokuwa akikausha mboga za kienyeji zidumu hadi kiangazi. Leo hii ukiikuta fahirisi hiyo, jina la mama huyo limo, katikati ya watu wenye shahada.

Nilikuwa nikimcheka. Nilikuwa pia nikiona fahari, ingawa nisingemwambia.

Kosa likatokea papo hapo penye wema. Kulikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili, kijana mwenye haya, aliyechukua fahirisi na siku ya kurudi akawa hana cha kuweka. Angeweza kuja na diski tupu akaomba radhi. Lakini nani kwetu anayerudisha sahani tupu akaomba radhi? Aibu ingemwua. Akaenda kwenye duka moja la kuchapisha barua mjini, akanakili mchezo wa kompyuta waliokuwa nao, akaja akamkabidhi Mkutubi kwa mikono miwili. Ndani ya mchezo mlikuwa na virusi.

Ilikuwa Jumatatu. Mkutubi aliwasha mashine, akatoa kitambaa, akaketi. Kioo kikaandika maneno mawili ya upuuzi na kuzimika. Tulipofanikiwa kukiwasha tena, fahirisi haikuwepo. Miaka yote ile haikuwepo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, maktaba ilikuwa kimya kama tangazo lilivyotaka, na niliuchukia kabisa ukimya ule.

Mkuu wa Chuo alifika kabla ya saa nne. Habari mbaya hazimchelewi. Alitazama kioo cheusi, akamtazama Mkutubi.

"Nilisema au sikusema, Mama? Kila mtu anaingiza mkono wake humu. Sasa ona."

"Ulisema, Bwana Mkuu."

"Mwisho wa muhula mashine inakuja ofisini kwangu. Na hao watu wa nje, basi. Maktaba ya chuo ni ya chuo."

Alipoondoka nilijaribu kumfariji. Nilimwambia maji yakimwagika hayazoleki. Ni methali niliyoiamini, na nilidhani inafaa. 

"Ni ya mtungi wangu tu ndio imemwagika," alisema. "Watu si walichota?"

Jumapili iliyofuata matangazo yalisomwa makanisani, baada ya yale ya harusi na kabla ya yale ya mazishi: mwenye diski ya maktaba ya chuo aombwa kuileta. Ijumaa yake yakasemwa msikitini. Sokoni, mkata miwa wetu wa chumvi na moyo alitangaza bila kutumwa. Nami nikaketi mlangoni na programu ya kuua virusi niliyoitoa kwa rafiki, nikingoja, na kusema kweli nikitegemea kuaibika.

Wakaja. Diski zilikuja zimefungwa kwa karatasi za unga, zikaja ndani ya soksi, ndani ya Biblia, ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko kisichopitisha maji. Nyingine zilikuwa na ukungu zikakataa kusoma. Nyingine zilikuwa na vumbi la sukari ya kiwandani tukazipangusa kwa spiriti. Mmoja alikuwa na nusu ya kwanza, mwingine wa chuo cha mbali alituma ile ya pili kwa basi. Mkutubi alipokea kila diski kwa sauti yake yote, akimwita mwenyewe kwa jina, na hakuna aliyeondoka mikono mitupu, kwa sababu alikuwa amepika. Kijana yule wa mchezo alikuja siku ya mwisho, akasimama nje ya mlango. Mkutubi alimwendea mbio, nami nikafumba macho. Akamshika mkono, akamketisha mbele ya mashine, akamwambia aunganishe vipande.

Fahirisi ikarudi. Haikurudi yote. Kazi ya mwaka mmoja ilikuwa bado haijagawiwa kwa mtu yeyote wakati virusi vilipoingia, na hiyo haikuonekana tena. Mkutubi aliilia kabisa, kwa machozi, mezani kwake. Alisema lilikuwa kosa lake, kwamba alikuwa ameikalia ili aipange vizuri kwanza.

Siku ya mahafali Mkuu wa Chuo alihutubia kuhusu "mpango wetu wa kuhifadhi maarifa," akapigiwa makofi. Mkutubi alipiga kuliko wote. Niliposaga meno aliniambia niache, sifa ni za bei rahisi, bora mashine ibaki ukumbini. Ikabaki, mpaka alipostaafu. Wiki aliyostaafu yeye alienda nyumbani na nakala yake ya diski, mashine ikahamia kwenye zulia, na bawabu akaanza tena kuisoma sheria ilivyoandikwa. Nilipanda ofisini kulalamika. Niliambiwa nisubiri kamati.

Nilimwona tena mwaka wa mwisho wa muongo ule, wakati mjini kwetu palipofunguliwa duka la kwanza la intaneti nililolijua mimi, juu ya duka la misumari na mabati. Nilipanda ngazi kwenda kushangaa kama wengine, nikasikia sauti yake nikiwa bado chini. Alikuwa kwenye foleni katikati ya vijana, amevaa gauni lake la kanisani.

"Mulembe!" alinisalimu kwa kelele. "Kuja uone. Kazi yangu iko ndani ya hii kitu."

Mwanafunzi wake wa zamani, aliyekuwa sasa chuo kikuu Nairobi, alikuwa amempigia simu. Fahirisi yetu imeonekana kwenye intaneti, yote, ripoti moja moja. Yule mtafiti wa vipepeo alikuwa ameipeleka kwao Ulaya, na taasisi yake imeiweka huko. Mkutubi alikuwa na anwani kwenye kipande cha karatasi. Mwenye duka, dada mmoja mchangamfu, aliichapa, na sisi tukangoja. Laini ya simu ililia, ikanyamaza, ikalia. Ukurasa ukashuka pole pole kutoka juu: picha ya msitu, kisha kichwa cha habari, kisha majina ya vijiji vyetu. Mkutubi alinishika mkono kwa nguvu.

Halafu likatokea sanduku dogo likituuliza neno la siri.

"Wanataka neno la siri, Mama," dada alisema. "Ni ya wanachama wao peke yake."

Mkutubi aliinamia mashine, akachapa jina lake mwenyewe, lote, na la ukoo. Mashine ikasema hapana. Akachapa Shinyalu. Hapana. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutukana kwa Kiluhya, nikisema hawa ni wezi, waandikiwe barua, waende mahakamani. Yeye alikuwa bado analitazama lile sanduku. 

"Unajua," alisema mwishowe, "miaka yote nilifikirianga shida ni Bwana Mkuu."

Akacheka, kile kicheko chake, na vijana wote kwenye foleni wakageuka. Kisha akamgeukia mwenye duka.

"Dada yangu, hii laini yako inaletanga tu vitu ya huko, ama inaweza kupeleka pia?"

"Inapeleka, Mama."

"Mahali mtu yeyote anaweza fungua, hawamuulizi yeye ni nani?"

Dada alifikiri. "Kuna mahali kama hapo. Lakini ni ukurasa mmoja mmoja, na laini ikikatika unaanza upya. Kama ni kitu kubwa, hiyo ni miezi, Mama. Labda mwaka."

Mkutubi aliuondoa mkoba wake mezani, akauweka chini, akavuta kiti karibu na mashine.

"Mimi nimestaafu," alimwambia. "Naanzia wapi?"